Hakuna Atakayekula Kando

Mimi si mtu wa kukaa. Hata kanisani husimama nyuma karibu na mlango, na mke wangu Aimée hunitania kwamba siku nikifa itabidi wanifunge kamba ndani ya jeneza. Lakini siku zile za kantini, hata mimi mwenyewe nilichoka na miguu yangu. Kila adhuhuri, wakati shule nzima imeketi mbele ya sahani, prefe wake, yaani mimi Floribert, mkuu wa shule, nilikuwa nazunguka uwanjani na simu sikioni. Nilikuwa nasema "ndiyo, ndiyo, nimesikia", na upande wa pili hakukuwa na mtu.

Na kantini yenyewe niliileta mimi. Shule yetu iko Muhumba, kwenye mteremko, na inapokea watoto wa kila aina. Kuna wa hapa karibu, waliokuwa wakija na biskuti na vinywaji vya rangi vya mifukoni, na kuna wanaotoka Bagira bila kitu tumboni. Ikifika saa ya nne ya masomo, mmoja anarukaruka kwa sukari, mwingine amelaza kichwa juu ya dawati kwa njaa, na mwalimu anatakiwa kuwafundisha hesabu wote wawili. Nilisema hapana. Nikaita komite ya wazazi, nikaita muuguzi wetu Adélaïde, nikasema tutunge kanuni moja ya chakula kwa shule nzima.

Tuligombana vizuri sana. Papa Camille, mwenyekiti wa wazazi, mfanyabiashara wa nguo mwenye sauti ya kusikika kutoka sokoni, alitaka wali tu, kwa sababu mtoto wake hawezi kulipiwa karo kisha alishwe lenga-lenga, mchicha wa kila siku. Adélaïde alitaka kila kitu kipimwe. Juu ya bugali, kama uwe wa mahindi au wa muhogo, tulimaliza mkutano mzima, na wawili waliondoka bila kuagana. Mwishowe tulikubaliana: maharagwe, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, majani, parachichi, uji wa soya kwa wadogo, maji yaliyochemshwa. Biskuti na vile vinywaji visivuke ukuta.

Sharti la mwisho nililidai mimi, nikipiga meza. Hakuna atakayekula kando. Mwalimu, mlinzi, prefe, wote ukumbi mmoja na chakula kimoja na watoto. Mtu anayemnyang'anya mtoto biskuti kisha anajifungia ofisini na paja la kuku ni mwizi tu, nilisema. Walinipigia makofi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku hiyo nilikuwa bado juu, na jembe mkononi, nafurahia kazi yangu.

Hata hatujaanza, mpishi tuliyempata akaondoka. Mume wake alikuwa amekwenda Shabunda kwenye dhahabu, naye akamfuata. Papa Camille akatoa shauri la kumpata mwingine. Wanawake wapike nyuma ya ukuta, komite ionje bila kujua sahani ni ya nani, na mwenye mkono mzuri achukue kazi. Alisema amechoka na mashule ambako shemeji wa prefe anauza kalamu na mpwa wa prefe anafagia. Hapo pia nilipiga makofi. Lakini siku ya kuonja sikuwepo, nilikuwa Walungu tunamzika mjomba wangu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja jikoni kumwona mshindi. Karibu na sufuria kubwa, upawa mkononi, alisimama maman Adolphine, mama mzazi wa mke wangu.

Huenda msomaji ni wa mahali pengine, kwa hiyo nieleze. Kwetu Bushi, au tuseme katika nyumba niliyolelewa mimi, mtu hali mbele ya mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti karibu naye, na kufungua kinywa ukala huku anakuona ni sawa na kuvua suruali. Wapo vijana wanaocheka mambo haya, wanaingia hoteli na mama wakwe zao na kupiga picha. Sisi si hao. Miaka yote ya ndoa yangu, maman Adolphine hajawahi kuona meno yangu. Wazee wanaweza kulifungua jambo hilo kwa mbuzi na maneno, lakini baba mkwe alifariki kabla hatujafanya, na baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia tena.

Aliona viatu vyangu mlangoni, akainamisha kichwa. Nikageuka na kutoka kama mtu aliyeingia choo cha wanawake. Nilipofika nyuma ya darasa nikampigia Aimée.

"Mama Gentil, weye ulijua?"

"Nilijua," akasema, bila hata kutafuta uongo. "Mama iko mujane, anakaa bure kule Bagira. Alipika, bakaonja, akashinda na mukono yake mwenyewe. Ulitaka nimwambie asishinde?"

Ilinipasa kwenda kwa papa Camille saa ile ile. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho yake wakaja wakaguzi. Siku iliyofuata papa Camille alikuwa msibani, na huwezi kumfuata mtu msibani kumwambia mambo ya wakwe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kila siku iliyopita ilifanya neno lenyewe liwe zito zaidi. Nani angeamini kwamba sikujua? Wangesema kuonja kulikuwa mchezo wa kuigiza, na prefe ameingiza bokilo, yaani mkwe wake, jikoni kama wale wengine wote. Ningepoteza kazi, na kanuni yetu ingekufa pamoja nami.

Maman Adolphine naye hakusema. Aliniita "Prefe" kama wote, macho chini. Na kwa kuwa tulikuwa tumeamua mpishi asijifiche, asimame ukumbini ili watoto waujue mkono unaowalisha, alisimama hapo kila adhuhuri, mbele kabisa, na upawa wake. Basi mimi nikaanza kutembea. Nilisema nina simu. Nilisema nina gastriti. Adélaïde akaniletea dawa ya gastriti, nikaimeza, na tumbo langu ambalo halikuwa na kitu likaanza kuniuma kweli.

Nilikuwa nafikiria aibu yangu tu, na hapo ndipo nilipokuwa mjinga. Katika mji huu wa Bukavu mtu hanywi chupa iliyofunguliwa nyuma ya mgongo wake. Anayekukaribisha huonja kwanza, wewe ukimwangalia, kisha anakupa. Ni juu ya karuho, ile sumu inayotajwa kwa sauti ya chini, ambayo hakuna aliyeiona na kila mtu ana ndugu anayesema amezikwa nayo. Mtoto wa hapa anajifunza kuangalia kinywa cha mwenyeji kabla hajajifunza kusoma. Na mimi, mwenyeji wa chakula kile, niliyekipigia meza, sikufungua kinywa hata siku moja. Watoto waliniangalia kupitia madirisha nikizunguka, wakatafuna polepole.

Kisha Fanny, binti wa papa Camille, akatapika mara tu baada ya kula.

Adélaïde alimpima, akakuta malaria, akamwonyesha kila mtu kile kipimo. Hakuna aliyekitazama. Kuna sauti, sijui ya mtoto gani, ilikuwa imekwisha kusema pale pale ukumbini, "Prefe mwenyewe hakulake," yaani hali kabisa, na maneno hayo yalitosha. Yalifika Bagira kabla maman Adolphine hajafika. Kesho yake sahani zilirudi jikoni zimejaa, na biskuti zikarudi shuleni, mara hii ndani ya soksi. Niliwaita wakubwa mmoja mmoja nikawafokea. Walinitazama kwa huruma, kama watu wanaojua siri yangu na wananitakia mema.

Aimée alikuja kunipokea mlangoni siku hiyo, hakuningoja niketi. Alijua siketi.

"Jirani amemurudishia mama sufuria," akasema. "Ile alimwazimaka. Hata hakuitumia. Ku robine ya kuchota maji banawake banavuta mabido yabo akifika. Banamwita mulozi, muchawi, Papa Gentil."

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, nikakifungua na kukifunga, nikakifungua na kukifunga.

"Muji huu unajua vile banafanyaka mulozi," akasema tena.

Nilijua. Wote tunajua, na wengi wetu tumewahi kusikia harufu ya moshi wake tukafunga madirisha. Niliogopa sana, si kwa ajili yangu tena. Nikasema jambo la kipumbavu, kwamba mama aache kazi.

"Akiacha, batasema amekimbia. Na weye, utaendelea kutembea?"

"Basi aseme yeye! Aseme iko mama mukwe yangu, ni heshima ndiyo inanizuia kula. Batamwelewa."

Aimée alinitazama. Sijapenda kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na kutoka kwake ilikuwa mbaya zaidi.

"Nilimwambia aseme. Amekataa. Anasema, nikisema, batamutoa mukwe yangu ku kazi. Anasema afazali banitukane mimi, miye nko muzee."

Nilitoka nje, nikaizunguka nyumba. Nilijikasirikia mpaka meno yakaniuma. Mwanamke ambaye sijawahi kumtazama usoni alikuwa amesimama kati yangu na mji mzima, upawa mkononi, anapokea matusi yaliyokuwa yangu, na mimi nilikuwa nikiita kutembea kwangu heshima.

Siku iliyofuata, adhuhuri, wazazi walikuja bila kuitwa. Waliingia ukumbini watoto wakiwa wameketi tayari mbele ya sahani ambazo hawakuzigusa. Mbele alikuwa papa Camille. Nyuma yake maman Mélanie, bibi wa wanafunzi wetu kadhaa, mtu mzima mwenye vitenge viwili kiunoni na ulimi mmoja unaotosha kwa watatu. Yeye ndiye aliyepaza sauti zaidi tangu getini. Mimi nilisimama mlangoni na simu yangu. Maman Adolphine alikuwa mahali pake, karibu na sufuria.

"Lisemwalo liko," papa Camille akasema, "na kama haliko linakuja. Mutoto wangu ametapika. Maman, ukule hapa, tukuone."

Maman Adolphine alijipakulia maharagwe na sambaza, akala vijiko vitatu vinne, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Hakuna aliyetulia kwa hilo.

"Hiyo haisaidie!" maman Mélanie akasema. "Mulozi anakunywaka dawa ya kujikinga mbele ya kukula. Nani hajui?"

"Ni malaria," Adélaïde akapaza sauti. "Nimepima mwenyewe!"

"Mademoiselle, wewe acha. Tunataka moja tu." Papa Camille akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata mlangoni. "Prefe akule. Yeye njo aliandika hakuna mutu atakula kando. Tangu kantini ianze, batoto bote banasema hakulake. Kama chakula ni kizuri, akule tuone. Kama hakule, basi anajua kitu, na huyu mama atoke hapa na sisi."

Atoke na sisi. Maneno hayo niliyasikia vizuri. Nje ya ukuta kulikuwa na vijana wamesimama, ambao si wazazi wa mtoto yeyote. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilikuwa na maneno ya gastriti tayari kinywani, nilikuwa nimeyazoea, yangetoka yenyewe.

Ndipo maman Adolphine akaweka upawa chini. "Prefe asikule," akasema, akitazama sakafu. "Tumbo yake inamuuma, munajua. Mimi naenda. Munipe tu njia." Akaanza kufungua aproni.

Fundo lilimshinda. Nililitazama lile fundo, na miguu yangu, ambayo siku zote hunipeleka nje, ikanipeleka ndani. Nilipita katikati ya mabenchi, nikasimama mbali naye kiasi cha adabu, uso nimeugeuzia wazazi.

"Sina gastriti," nikasema. "Sijawahi kuwa na gastriti. Huyu maman ni mama mukwe wangu. Ni mama wa bibi yangu Aimée. Sikule mbele yake kwa sababu ni mama mukwe wangu. Hakuna sababu ingine."

Kelele zilizozuka hapo siwezi kuzieleza. Papa Camille alipiga hatua moja kuja kwangu.

"Mama mukwe? Na haukutuambia? Kwa hiyo ile kuonja ilikuwa muchezo?"

"Sikuwepo siku ya kuonja, nilikuwa ku kilio. Alishinda bila mimi. Lakini niliporudi nikanyamaza, juu ya kulinda kazi yangu. Yeye naye akanyamaza, juu ya kuilinda hiyo kazi yangu. Mumemwita mulozi na angeweza kujitetea kwa neno moja, hakulisema. Mukitaka mutu wa kutoa hapa, ni miye. Mutanitoa kesho. Leo munipe sahani."

Hakuna aliyenipa. Nilichukua sahani iliyokuwa karibu, ya mtoto mmoja, nikashika kijiko, na mkono ukagoma. Niseme kweli: nilijua uhai wa mtu umekaa juu ya kijiko kile, na bado mkono ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Maman Adolphine alikuwa amefunika uso kwa aproni yake ili asinione.

"Ngoja!" Ilikuwa maman Mélanie. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Camille, weye unajua unamuomba nini huyu mwanaume? Akule mbele ya mama mukwe, mbuzi haijatoka, baba mukwe hayuko? Unataka bote babili bafe na haya?" Na hapo hapo akafungua kitenge chake cha juu, akakikunjua, akamkabidhi mwanamke mwingine upande mmoja. "Shika kule. Vuta. Vuta, nasema!"

Wakakinyoosha kati yangu na maman Adolphine, wakikiinua mpaka usawa wa macho. Muda si mrefu uliopita wanawake wale wawili walikuwa wamepanda mteremko kuja kumtoa jikoni. Sasa walisimama wamenyoosha mikono, nyuso wamezielekeza pembeni, kitenge kikiwa ukuta. Yeye hakuniona. Wengine wote waliniona.

Nikala. Maharagwe yalikuwa yamepoa na sambaza zilikwisha kulainika. Sikusikia ladha mwanzoni, nilisikia tu taya zangu. Kisha nikaisikia, na nikakumbuka kwamba komite ilimchagua bila kumjua, na haikukosea. Nilikula mpaka nikaona maua ya chini ya sahani. Hakuna mtoto aliyegusa kijiko. Walikuwa wanatazama mdomo wangu kama walivyofundishwa. Fanny, aliyerudi siku hiyo akiwa bado amekonda uso, alinitazama kuliko wote. Nilielewa. Sahani moja mtu anaweza kuila kwa kulazimishwa. Hata mtu mwenye hofu anaweza kumeza sahani moja.

Katika maisha yangu sikuwahi kumwomba mama mkwe wangu chochote, hata maji. Niliinua sahani tupu, nikasema kwa sauti ambayo vijana wa nje ya ukuta pia waliisikia:

"Maman, niongezee."

Mikono ya maman Mélanie ilianza kuchoka na nguo ikashuka kidogo, akaipandisha haraka. Kisha nikasikia mtu akivuta kamasi, na upawa ukikwangua chini ya sufuria. Mkono mmoja ukapita chini ya kitenge, ukachukua sahani. Ukairudisha imejaa kupita kipimo chochote cha Adélaïde.

Papa Camille alinitazama nikianza hiyo ya pili. Akavuta benchi, akaketi mbele yangu kwa kishindo.

"Lundi komite itakaa juu yako," akasema, yaani Jumatatu.

"Lundi iko sawa," nikajibu, mdomo umejaa.

"Itakuwa mbaya, nakuambia."

"Najua."

Papa Camille akamtazama binti yake, akamwonyesha sahani kwa kidevu. Fanny akachukua kijiko, na karibu naye mwingine, kisha sauti za vijiko zikaenea mpaka benchi la mwisho. Nilisikia nyuma ya kitenge mtu analia bila kujizuia tena, na katikati ya kilio hicho maman Adolphine akaniambia, mimi ambaye siku zote alikuwa akiniita Prefe:

"Kula pole pole, mutoto wangu. Iko ingine."